Tuimbieni kwa Lugha Zenu

Kila mwezi Mei, fainali ya Eurovision huanza saa nne usiku kwa saa zetu na kumalizika karibu saa nane. Mimi ni mmoja wa watu wachache wa Dar es Salaam wanaokesha kuitazama, na nimeshachoka kueleza kwa nini. Marafiki zangu wanaiona kituko: nguo za kumetameta, moshi, fataki, na nchi zinazopeana pointi kama majirani wanaopelekeana futari. Sawa, hayo yote yamo, na mimi nayapenda. Ugomvi wangu ni mwingine. Nyimbo nyingi mno katika shindano hilo huimbwa kwa Kiingereza na watu wasiogombana, wasiotongozana wala wasioomboleza kwa Kiingereza. Ukiuliza sababu, unaambiwa: ili zieleweke.

Nasema sababu hiyo ni uongo. Matokeo ya shindano lenyewe yanaukanusha, na wanamuziki wetu huku nao wanauziwa uongo huohuo.

Shindano lilipoanza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, likiwa na nchi saba tu, hakukuwa na kanuni ya lugha. Kila nchi iliimba ya kwao bila kuambiwa. Mwaka 1965 Uswidi ikapeleka wimbo wa Kiingereza, na mwaka uliofuata waandaaji wakaweka sharti kwamba kila nchi iimbe kwa lugha ya taifa lake. Sharti likaondolewa 1973, ABBA wakashinda 1974 kwa "Waterloo", likarudishwa 1977, kisha likaondolewa tena 1999 na halijarudi. Tangu mwaka huo hadi 2006, washindi wanane mfululizo, hakuna wimbo ulioshinda bila kuwa na Kiingereza ndani yake. Hapo ndipo mashirika ya utangazaji ya Ulaya, ambayo ndiyo husimamia uteuzi wa nyimbo, yaliposadiki kwamba Kiingereza ndiyo dawa.

Lakini dawa iliyonywewa na kila mtu haikumpa yeyote nguvu za ziada. Walioshinda waliimba Kiingereza, na walioburura mkia pia waliimba Kiingereza. Mwaka 2003 Uingereza, wenye lugha yao, waliondoka ukumbini na sifuri. Wakapata sifuri nyingine mwaka 2021. Mwaka huohuo wa 2003 Ubelgiji ilipeleka kundi la Urban Trad na wimbo "Sanomi", ulioimbwa kwa lugha ya kubuni. Lugha hiyo haina msemaji hata mmoja duniani. Hata mama mzazi wa mtunzi asingeielewa. "Sanomi" ikashika nafasi ya pili, pointi 2 tu nyuma ya Uturuki. Kama kueleweka ndiyo tiketi, nani alikata tiketi ya wimbo huo?

Sisi tulipaswa kulijua hili kabla ya Wazungu. Wazazi wetu walicheza Franco na TPOK Jazz usiku kucha bila kujua Kilingala. Waliimba mistari mizima, nusu yake wakiikosea, na hakuna aliyesimamisha muziki aombe tafsiri. Pwani, watu wamesikiliza Umm Kulthum na nyimbo za filamu za Kihindi kizazi baada ya kizazi. Sikio halingoji kamusi. Linataka kusadiki kwamba aliyesimama pale anasema jambo ambalo lingemkaba koo kama asingelisema, na mtu hukabwa koo kwa lugha yake.

Ndiyo maana 2007 niliihesabu kama mwaka wa ukombozi nilipokuja kuujua. Marija Šerifović wa Serbia alisimama Helsinki akiwa amevaa suti, hana fataki wala mazingaombwe, akaimba "Molitva" kwa Kiserbia na kushinda. Miaka kumi baadaye, Kyiv, akaja Salvador Sobral wa Ureno na "Amar pelos dois", wimbo ulioandikwa na dada yake Luísa. Ureno ilikuwa imeshiriki tangu 1964 bila kushinda hata mara moja. Kijana yule aliimba kama mtu anayenong'ona jikoni usiku, vokali za Kireno zikipita puani kama moshi wa ubani. Akapata pointi 758, nyingi kuliko wimbo wowote katika historia ya shindano. Majaji walimweka wa kwanza, watazamaji wakamweka wa kwanza. Ningependa mtu anitajie neno moja la Kiingereza ambalo lingemwongezea pointi ya 759.

Mwaka 2021, Rotterdam, tatu bora zote zilikuwa nje ya Kiingereza. Måneskin walishinda kwa Kiitaliano, Barbara Pravi akawa wa pili kwa Kifaransa, Gjon's Tears wa Uswisi akawa wa tatu, naye kwa Kifaransa. Nafasi ya tano ikaenda kwa Go_A wa Ukraini na "Shum", wimbo uliochota kwenye nyimbo za jadi za kukaribisha majira ya kuchipua, ukiimbwa kwa sauti ile kali ya wanawake wa vijijini isiyofundishwa kwenye shule za muziki. Kwangu mimi "Shum" ndio uliokuwa wimbo bora wa usiku ule. Unaanza taratibu, unazidi kasi, unazidi tena, hadi unajiona huna pumzi na wewe umekaa tu kwenye kochi. Mwaka uliofuata Ukraini ikashinda kwa "Stefania" ya Kalush Orchestra, tena kwa Kiukraini.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema "Stefania" ilishinda kwa huruma ya vita. Inawezekana huruma ilichangia. Pointi 439 za watazamaji si jambo la kawaida. Lakini Finland ya 2023 haikuwa na vita. Käärijä alitoka ndani ya sanduku la mbao mjini Liverpool akiwa na mikono ya kijani inayong'aa, akafoka "Cha Cha Cha" kwa Kifini kitupu, na watazamaji wakampa pointi 376. Loreen wa Uswidi, aliyeimba Kiingereza, alipata 243 kwao. Majaji ndio waliompa Loreen ushindi. Sina kesi na majaji hapa, maana mwaka 2021 walikuwa wameuweka wimbo wa Kifaransa wa Uswisi juu ya zote. Ninachosema ni kwamba umma uliopiga kura ule usiku, wengi wao wasiojua Kifini hata cha kuombea maji, haukuomba kurahisishiwa chochote.

Na wimbo ule haungewezekana kwa lugha nyingine. Kifini huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, kwa hiyo kila neno linaingia kama nyundo. Kiitaliano cha Måneskin kinamaliza maneno mengi kwa vokali, kama Kiswahili chetu, ndiyo maana Damiano David aliweza kufoka kwa kasi na bado ukamsikia akiimba. Lugha ni ala. Ukimnyang'anya mpiga zeze zeze lake ukampa gitaa kwa sababu gitaa linajulikana zaidi, usimlaumu akipiga kama mgeni.

Uswidi wenyewe, mafundi wakubwa wa nyimbo za Kiingereza, walikaa tangu 1998 bila kupeleka wimbo wa Kiswidi. Waliorudisha lugha hiyo jukwaani mwaka 2025 ni KAJ, vijana watatu kutoka Finland wanaozungumza lahaja ya Kiswidi ya kwao Vörå. Walikuja na wimbo wa kuchekesha kuhusu kuoga mvuke, wakashinda mchujo wa Uswidi, wakamaliza wa nne Basel. Imebidi jirani aje amkumbushe mwenye nyumba kwamba ana lugha.

Sasa nije kwenye usiku unaoniuma zaidi, nao ni wa Düsseldorf, 2011. Mwaka huo Norwei iliwakilishwa na Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Norwei, na wimbo wake "Haba Haba". Naam, methali yetu ya kibaba ilisimama kwenye jukwaa la Eurovision. Beti zilikuwa za Kiingereza, kiitikio cha Kiswahili. Wimbo haukuvuka nusu fainali. Aliyeshinda mwaka ule ni Azerbaijan, kwa "Running Scared", wimbo wa Kiingereza ulioandikwa na Waswidi wawili na Mwingereza mmoja. Hapakuwa na neno hata moja la Kiazeri. Ungeweza kubandika bendera ya nchi yoyote kwenye wimbo ule na usingepungukiwa kitu.

Wapo wanaosema Kiswahili ndicho kilichomkwamisha Stella. Mimi nasema kilikuwa kidogo mno. Methali iliingia ukumbini ikiwa na mkalimani pembeni. Kila ilipofungua mdomo, Kiingereza kiliifafanulia wageni. Methali ikifafanuliwa hufa. Mtoto anayeambiwa "haba na haba" na bibi yake hapewi maelezo, anaachwa aujaze huo mtungi mwenyewe mpaka aelewe. Ningetoa chochote kusikia ubeti mmoja wa wimbo ule, mmoja tu, ulioachwa usimame kwa Kiswahili peke yake. Bado naupenda. Naudai zaidi kwa sababu ni wetu.

Mtu asidhani nahubiri usafi wa lugha. Anayeishi Afrika Mashariki akachukia kuchanganya lugha atakosa wa kuongea naye kwenye daladala. Kuchanganya kunaweza kuwa ndiyo kweli yenyewe. Jamala wa Ukraini alishinda 2016 kwa "1944", wimbo kuhusu Watatari wa Crimea waliohamishwa kwa nguvu mwaka huo. Beti ni za Kiingereza, lakini kiitikio ni cha Kitatari cha Crimea, lugha ya watu walewale waliong'olewa. Akifika hapo hatafsiri. Anaomboleza, na wewe unakaa kimya. Claude, aliyeiwakilisha Uholanzi 2025, alizaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akichanganya Kifaransa na Kiingereza anaimba safari ya maisha yake. Ninachokikataa ni Kiingereza kinachopakwa juu kama rangi ya kuuzia gari kuukuu.

Wala sitaki sharti la 1966 lirudi. Sharti lile lilizungumzia lugha za taifa, na lugha za taifa zina mabavu yake. Nyimbo nilizozipenda sana ni zile zilizotoka kwenye lugha zilizobanwa hata nyumbani: Kibretoni ambacho Ufaransa ilikipeleka 1996 na tena 2022, Kisranantongo ambacho Jeangu Macrooy, mzaliwa wa Suriname, alikiweka kwenye wimbo wa Uholanzi 2021. Zote tatu zilimaliza karibu na mkia. Sijifichi: lugha yako haikuhakikishii ushindi. Lakini nyimbo za Kiingereza zilizomaliza nafasi hizohizo nimezisahau, na hizi tatu bado ninazo kwenye simu. Wimbo wa nafasi ya 24 unaokumbukwa umefanya kazi yake. Ule wa nafasi ya 12 usiokumbukwa ulikuwa tangazo la dakika tatu.

Utaniuliza haya yanamhusu nini kijana wa Mbagala au Kisauni. Yanamhusu kwa sababu ushauri ni uleule. Msanii chipukizi huambiwa aongeze ubeti wa Kiingereza "ili avuke mpaka", naye huandika ubeti ambao asingethubutu kumwambia mpenzi wake uso kwa uso, kwa kuwa hajawahi kupenda kwa lugha hiyo. Matokeo yake ni mistari iliyokwishasemwa mara elfu na wenye lugha, na kwa ufasaha zaidi. Wakati huohuo "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode ilichezwa dunia nzima mwaka 2020 kwa Kizulu, na waliokuwa wakiicheza Ulaya hawakuuliza maana kwanza. Mpaka ulivukwa na wimbo uliobaki kwao.

Tangu 2023 hata sisi tulio nje ya nchi shiriki tunaruhusiwa kupiga kura kwa intaneti. Wametutia kwenye kapu moja: Dar, Nairobi, Muscat na Toronto tunahesabiwa pamoja kama nchi moja. Ni haki ndogo, lakini ninaitumia, na mashirika yanayochagua nyimbo yajue ninavyoitumia. Sitampa kura anayeimba Kiingereza cha kuazima kwa ajili yangu, eti mimi wa mbali nisipate taabu. Taabu niliichagua mwenyewe nilipokubali kukesha hadi saa nane usiku na asubuhi nina kazi. Leteni Kialbania, leteni Kilatvia, leteni lahaja ya kijiji chenu. Maana tutaitafuta wenyewe kesho yake, tukiwa na usingizi machoni na kiitikio kichwani.