SAUTI ILIYOMWAGIKA HAIZOLEKI

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika madawati haya, naomba nafasi kidogo niseme juu ya redio tunayoisikiliza kwa njia ya intaneti.

Hadi Machi 2015 Deutsche Welle ilikuwa na mitambo juu ya kilima cha Kinyinya, hapa Kigali, ikirusha matangazo kwa masafa mafupi, Kiswahili kikiwamo. Mitambo ile haipo tena, na wengi wetu twasikiliza idhaa za Kiswahili kwa simu. Tena tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Basi redio ni mwalimu wetu, na mwalimu yapasa asikike vema.

Taabu ni hii. Ili sauti ipite kwa gharama ndogo, kituo huibana, na katika kuibana hutupa sehemu yake. Kikibana mno, sauti nyembamba za juu ndizo huumia kwanza. Na humo ndimo zinamokaa s, z, th na dh. Kinyarwanda hakina th wala dh. Sisi twajifunza kwa sikio. Zikipotea, mtu atajuaje kama msomaji amesema "dhana" au "zana", "thamani" au "samani"? Kosa hilo huja kuonekana katika karatasi ya mtihani.

Wako wanaosema: tia programu katika simu, sauti itatengenea. Nakubali nusu. VLC ina ikwalaiza. Ukipunguza sauti nene zinazovuma, maneno hutoka wazi zaidi. Audacity yaweza kupunguza mvumo katika kipindi ulichokihifadhi. Huo ni msaada wa kweli. Lakini hakuna programu iwezayo kurudisha th ileile iliyotupwa kituoni. Ukipandisha sauti nyembamba mahali pasipo kitu, utapandisha mchakaricho tu. Hata programu za akili bandia hukisia, na kukisia si kusikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo dawa iko kwenye chanzo. Mtu atasema bando ni ghali, na ni kweli. Lakini tufanye hesabu. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa. Opus, njia ya kubana sauti iliyotolewa mwaka 2012 na isiyolipiwa, huchukua maneno vizuri kwa kilobiti 32, yaani megabaiti 14 na kitu. Gharama ni nusu, na th na dh zimo.

Maoni yangu ni kwamba vituo vyetu vitumie njia hiyo. Ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika kazi ya utangazaji, neno lenu husikilizwa huko, tusemeeni. Nasi tulio shuleni, tunaporekodi habari zetu, tufunge madirisha, tukae karibu na maikrofoni, wala tusiibane sauti mara mbili. Hayo hayahitaji fedha, na twaweza kuyaanza muhula huu.