Namba Iliyo Maandishi
Aina ya data ndiyo inayoiambia kompyuta ifanye nini na thamani iliyopewa, na alama ya hesabu hupata maana yake kutokana na aina hiyo. Katika JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, alama ya kujumlisha ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Kisanduku cha fomu ya mtandaoni hurudisha maandishi, hata kikijazwa tarakimu tupu. Kwa hiyo mteja akiandika 500 na programu ikaongeza nauli ya 300, jibu si 800 bali 500300. Ikitumika alama ya kutoa, lugha hiyohiyo hugeuza maandishi kuwa namba kimyakimya na kuleta 200. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwani hakuna onyo lolote, na kosa huja kuonekana kwenye risiti. Lugha ya Python hukataa mchanganyiko huo wa maandishi na namba na kusimamisha programu, na heri programu iliyosimama kuliko jibu la uongo. Lugha ya PHP imetenga nukta kwa ajili ya kuunganisha maandishi, hivyo nia ya mwandishi husomeka. Katika kulinganisha, alama mbili za usawa za JavaScript hukubali kwamba 0 ni sawa na maandishi yasiyo na herufi hata moja. Alama tatu hukagua aina pia, na hukataa. Namba za simu zinazoanza na 0 zihifadhiwe kama maandishi, maana zikigeuzwa namba sifuri ya mbele hupotea. Kwa kila thamani ya kukokotoa, mwandishi wa programu abadilishe aina kwa amri iliyo wazi, mara tu data inapoingia.