MAMBO YA NYUMBANI: Mimea Isiyotaka Makuu



Mwezi uliopita mama mmoja alinijia barazani, uso wake umejaa huzuni. Mwanawe alipewa na mjomba wake tangi la kioo la kufugia samaki. Akalitia maji, samaki na mimea siku hiyo hiyo. Haikupita muda mrefu, mimea ikayeyuka, maji yakanuka, na samaki wawili wakafa. Baba mtu akakasirika, akasema kwamba mtoto hana uangalifu, na tangi liuzwe. Yule mama akaniuliza, "Mwalimu, je, mtoto huyu ni mvivu?"

Nikamjibu, "La, mama. Nadhani amejitahidi kupita kiasi." Maana makosa hayo nami niliyatenda, nami ni mtu mzima.

Mmea wangu wa kwanza uliitwa anubiasi. Nikauzika katika changarawe kama mtu apandavyo muhogo, nikaona nimefanya kazi njema. Baada ya majuma machache shina likaoza lote. Mmea wa pili uliitwa kriptokorini. Majani yake yalipoanza kuyeyuka kama mboga iliyopikwa mno, niliung'oa nikautupa jaani. Ndipo nilipoona kwamba mizizi yake ilikuwa myeupe na imara. Nilikuwa nimeutupa mmea ulio hai.

Basi nilijifunza neno moja, nalo ndilo ninalotaka kuwaambia leo: kwa mtu aanzaye, mimea ya maji hufa zaidi kwa kushikwashikwa kuliko kwa kuachwa. Yafaa kuchagua ile isiyotaka makuu, kisha kuiacha ikae. Nitaitaja mitano.

Kwanza ni huo anubiasi. Asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, penye kivuli, kwa hiyo haudai mwanga mwingi. Shina lake ni nene na hutambaa kama tangawizi. Shina hilo lisifukiwe kamwe. Lifungeni kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, na mizizi itashika yenyewe. Hukua polepole sana, basi msiuone umesimama mkadhani umekufa.

Pili ni kangaga la Java, litokalo Asia ya Kusini-Mashariki. Nalo hufungwa juu ya jiwe vivyo hivyo. Mkiona madoa meusi yaliyopangika chini ya jani, msiogope, maana ndipo spora zake zilipo. Tena huzaa watoto juu ya majani yake yenyewe. Majani ya mimea hii miwili ni magumu, na samaki wengi hawayali.

Tatu ni kriptokorini, ambao jamii yake ipendwayo sana na waanzao hutoka Sri Lanka. Huu hupandwa changaraweni. Ukihamishwa, au maji yakibadilika ghafula, huweza kumwaga majani yake yote. Ondoeni majani yaliyooza, mwiache mizizi. Baada ya majuma kadhaa utachipua majani mapya yaliyozoea maji yenu.

Nne ni valisneria, wenye majani marefu kama utepe. Humea hata katika Ziwa Tanganyika, nao hustahimili maji yenye chokaa nyingi. Fukieni mizizi tu, na mahali majani yanapoanzia pabaki juu. Ukikubali mahali, hutambaa kama mashina ya viazi vitamu, ukajaza upande wa nyuma wa tangi.

Tano ni seratofilamu, gugu lisilo na mizizi, lenye majani membamba kama sindano. Huachwa lielee tu. Humea pia katika Ziwa Victoria. Lakini msimtume mtoto kulichuma ufukoni, kwa kuwa konokono wachukuao kichocho hukaa katika magugu kama hayo. Nunueni kwa mwenye kuuza samaki wa mapambo, mkalisuuze vizuri.

Sasa, kwa nini wale samaki walikufa? Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Katika tangi lililozoea wamo bakteria waigeuzao kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Lakini tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na huchukua majuma 4 hadi 6, au zaidi, kuwapata. Mimea nayo hula amonia, hasa seratofilamu, kwa sababu hukua upesi. Kwa hiyo mimea si pambo tu. Itangulieni kuipanda, samaki wafuate baadaye, wachache wachache.

Taa iwashwe saa 6 hadi 8 kwa siku, si zaidi, na tangi lisiwekwe dirishani penye jua kali, lisije likajaa ukoga wa kijani. Kila juma toeni robo ya maji mtie mengine. Maji ya bomba yenye klorini yaacheni katika ndoo wazi mchana na usiku kwanza. Changarawe ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni.

Neno la mwisho ni zito. Mimea ikizidi, msiitupe ziwani wala mtoni. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likachukuliwa nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likafunika ghuba nyingi, hata mitumbwi ikashindwa kutoka na wavuvi wakakosa riziki. Mimea iliyozidi ianikeni juani mpaka ikauke kabisa, kisha itieni katika shimo la mbolea.

Yule mama alikwenda akamweleza mumewe hayo yote. Yule bwana akasema, "Haya, nampa miezi miwili." Juzi nilipita kwao. Samaki hawajanunuliwa bado. Ndani ya tangi mlikuwa na jiwe, anubiasi mmoja, na kriptokorini ambao majani yake yote yalikuwa yameyeyuka. Mtoto akanionyesha kwa kidole kichipukizi chekundu, hakizidi punje ya mchele. Akasema, "Sikuugusa, Mwalimu." Na baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akainama ili akione.