Giki, Nadi na Kujinadi

Miongoni mwa maneno yaliyotujia kwa njia ya sinema, simu na kompyuta, yako mawili ambayo vijana wetu wa Pwani wanayavaa kama kanzu mpya ya Idi. Maneno hayo ni giki na nadi. Wamarekani wenyewe huyaandika geek na nerd, nami hapa nitayaandika kama tunavyoyatamka. Kijana mmoja atakwambia, "Mimi ni giki wa kompyuta," na mwenziwe atadakiza, "Mimi si giki, mimi ni nadi." Ukiwauliza tofauti iko wapi, wote wawili watacheka, kisha wataanza kubishana.

Wako wazee watakaouona ubishi huo kuwa ni mambo ya kitoto. Mimi sioni hivyo. Mtu anapochagua jina la kujiita, huchagua pia namna anavyotaka kutazamwa na wenziwe, na mara nyingi huchagua hata namna atakavyozitumia siku zake. Basi yafaa tujue maneno haya yametoka wapi na yamebeba mzigo gani, ndipo tuwashauri vijana wetu wayavae au wayavue.

Tuanze na giki, kwani ndilo kongwe. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno gek la Kiholanzi na la Kijerumani cha kaskazini, maana yake mpumbavu. Mpaka hivi leo Mholanzi akimwita mtu gek, amemwita mwenda wazimu. Shakespeare alilitumia kwa sura ya geck katika mchezo wake wa Twelfth Night, akimkusudia mjinga anayechezewa na wajanja. Lilipofika Marekani lilizidi kushuka daraja. Mwanzoni mwa karne ya 20, giki alikuwa mtu wa maonyesho yaliyokuwa yakihama mji hadi mji, na kazi yake ilikuwa kung'ata vichwa vya kuku walio hai mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mwandishi William Lindsay Gresham alimweleza mtu wa namna hiyo katika riwaya yake Nightmare Alley ya mwaka 1946. Alikuwa mlevi aliyekubali kufedheheka kila usiku ili asikose chupa yake ya pombe.

Nadi ni dogo kwa umri. Lilionekana katika chapa mwaka 1950, ndani ya kitabu cha watoto cha Dr. Seuss kiitwacho If I Ran the Zoo, likiwa ni jina la mnyama wa kubuni. Mwaka uliofuata jarida la Newsweek liliandika kwamba vijana wa mji wa Detroit walikuwa wakilitumia kumwita mtu baridi, asiyechangamka wala asiyekwenda na wakati. Kama vijana hao walilipata kitabuni au kwingineko, wataalamu wangali wanavutana. Kitabu chenyewe kilisimamishwa kuchapishwa mwaka 2021 na kampuni inayokimiliki, kwa sababu ya michoro yake iliyowadhalilisha watu wa Asia na wa Afrika. Msomaji na aone mwenyewe neno hili limelelewa katika nyumba gani.

Kuanzia hapo nadi likawa jina la kumsulubia mwanafunzi. Mchezo wa televisheni uitwao Happy Days, ulioonyeshwa Marekani tangu mwaka 1974 mpaka 1984, ulilieneza nchi nzima, na mwaka huo huo wa 1984 ikatoka sinema ya Revenge of the Nerds. Picha iliyozoeleka ni ile ile: kijana mwembamba mwenye miwani minene, kalamu zimejaa mfukoni mwa shati, hesabu anazijua zote, lakini akisimama mbele za watu ulimi humganda. Wenziwe humcheka, nao hao hao humfuata usiku awasaidie kazi ya skuli.

Ni kitu gani basi kilichoyageuza matusi haya yakawa sifa? Jibu langu ni fupi: fedha. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen walianzisha kampuni ya Microsoft. Mwaka 1976 Steve Jobs na Steve Wozniak wakaanzisha Apple. Miaka 20 baadaye, wale waliokuwa wakichekwa kwa kushinda mbele ya mitambo walikuwa matajiri wa kutajwa duniani. Mwaka 1994 kampuni ya kutengeneza kompyuta ikafunguliwa huko Minneapolis, ikajiita Geek Squad bila ya haya yoyote. Mwaka 1996 televisheni ya umma ya Marekani ikaonyesha filamu ya historia ya kompyuta iliyopewa jina la Triumph of the Nerds, yaani ushindi wa manadi. Tangu mwaka 2006, kwa mwanzo uliotokea Hispania, magiki wamejipatia na siku yao, tarehe 25 Mei, kwa kuwa ndiyo tarehe sinema ya Star Wars ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Na mwaka 2013 wachapishaji wa kamusi ya Collins walilichagua giki kuwa neno la mwaka. Kutoka kung'ata kuku mpaka kuheshimiwa kamusini, safari hiyo si haba.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Kwa jinsi wenye lugha wanavyoyatumia, giki ni mtu aliyependa jambo moja mpaka likamjaa. Yaweza kuwa kompyuta, sinema, magari, hata kahawa. Anajua kila kipande cha habari zake, anakusanya kila kinachohusika nalo, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka chai ipoe. Nadi ni mtu wa kuzama katika elimu. Hutaka kujua kitu kinavyofanya kazi kwa sababu tu hakijui, na huvumilia kukaa peke yake na kitabu muda mrefu kuliko wengi wetu tuwezavyo. Kwa ufupi, giki hupimwa kwa mapenzi yake, na nadi hupimwa kwa ujuzi wake. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili, lakini aweza pia kuwa moja bila ya jingine.

Katika tofauti hiyo imo hatari ambayo vijana wetu hawaioni. Mapenzi yana soko. Fulana zinauzwa, vikaragosi vya mashujaa wa sinema vinauzwa, tikiti za maonyesho zinauzwa, na kila aliyenunua aweza kujiita giki jioni ile ile. Ujuzi hauna duka. Hakuna atakayekuuzia saa elfu za kukaa na hesabu mpaka zikakutii. Ndiyo maana kijana akiniambia yeye ni giki, humuuliza amependa nini. Na akiniambia ni nadi, humuuliza amejifunza nini. Wa kwanza hujibu upesi. Wa pili, ikiwa ni kweli, aghlabu husita kidogo, kwani anajua bahari ilivyo pana.

Sisemi kwamba mapenzi ni kitu duni. Elimu nyingi huanza kwa mapenzi, na asiyependa kitu hadumu nacho. Tuna mfano wetu hapa Pwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi vinywani mwa watu miaka mingi baada yake. Aliyeyakusanya na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, akishirikiana na mmishonari Mwingereza William Taylor, na leo karatasi hizo zimehifadhiwa London. Mwalimu huyo alifariki mwaka 1890. Kama si mapenzi yake, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa na wazee walioihifadhi vifuani. Na kama si ujuzi wake wa lugha, mapenzi matupu yasingefaa kitu, kwani mashairi yale yana mafumbo yanayotaka mtu wa kuyafungua.

Mtazame na Muhamadi Kijuma wa Lamu. Alikuwa mwandishi wa khati nzuri, mchonga milango, mtunzi wa mashairi na fundi wa ala za muziki. Wazungu waliotaka miswada ya tenzi za Kiswahili walimwendea yeye awanakilie. Ungekuwa ni wakati wetu, vijana wangemwita giki na nadi kwa pamoja, na wasingekosea. Lakini watu wa zama zile walikuwa na majina yao: fundi, malenga, mwanachuoni, mwalimu. Majina hayo yalikuwa na sharti moja lililonipendeza siku zote. Hujipi mwenyewe. Huitwi malenga kwa kuwa umesema wewe ni malenga. Huitwa na watu waliosikia ukaziba pengo ngomani, au waliokuja na fumbo ukalifumbua. Na wa khasa kuwapa Wamombasa somo hilo alikuwa ni yule yule mwalimu, ambaye watu walimwita Mwalimu, na jina lake ni Sikujua.

Hapa neno nadi linanichekesha, kwani katika Kiswahili limeangukia kwenye mlango wa kunadi. Anayenadi ni mtu wa mnadani anayetangaza bidhaa kwa sauti kubwa, na anayejinadi amejigeuza bidhaa yeye mwenyewe. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana anayejiita nadi kabla ya kufungua kitabu, amejinadi tu.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Yule mwanafunzi wa Marekani aliyesulubiwa kwa neno hilo hakuwa na mtu wa kumpa jina jema. Alilichukua tusi lenyewe, akalivaa kifuani, akasema: naam, ndiye mimi, mna lipi jingine? Hiyo ni namna ya kujikinga, na ina ushujaa wake. Mwenye kupigwa mawe akiyatumia mawe yale yale kujengea ukuta, mimi simcheki.

Swali linalotuhusu sisi ni kama tumewafikisha watoto wetu mahali pa kuhitaji ukuta huo. Mimi nimesikia kwa masikio yangu watoto wakimzomea mwenzao kwa kuwa anasoma wakati wa mapumziko. Nimesikia na watu wazima barazani wakimwambia mzazi, "Huyo mwanao atapotea akili kwa vitabu." Kila neno la namna hiyo lina bei yake. Mtoto aliyeonewa haya kwa kupenda hesabu ataficha daftari, na msichana aliyeambiwa hakuna atakayemtaka kwa ujuaji wake atajifunza kunyamaza hata pale anapojua jibu. Mwisho wake tutakuwa na mji uliojaa washabiki na uliopungukiwa na wajuzi, kisha tutakaa tukilalamika kwamba kazi za maarifa zote zinakwenda kwa watu wa nje.

Tena tusidanganyike na heshima waliyoipata manadi wa Marekani. Heshima iliyoletwa na fedha huondoka na fedha. Wale vijana hawakuheshimiwa kwa kujua, waliheshimiwa walipotajirika kwa walichokijua, na nadi maskini huko kwao angali anachekwa. Mila yetu ilikuwa bora kuliko hiyo. Mwalimu wa chuo aliyekuwa na mkeka mmoja na kanzu mbili alipopita njiani, matajiri walisimama wakampa mkono. Walisimamia elimu aliyokuwa nayo, na kila mtoto aliyeshuhudia alirudi nyumbani amejua ni kitu gani chenye thamani katika mji wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Vijana wakitaka kujiita magiki kwa mchezo na mzaha, na waitane, maneno hayamli mtu. Anayetaka kuwa nadi, na aanze na kitabu, jina litamfuata. Nasi wakubwa tuna wajibu ulio mzito zaidi. Tumwonapo mtoto ameinamia kazi ya akili yake mpaka amesahau kula, tumpe jina jema mapema katika lugha yake mwenyewe. Tumwite fundi, tumwite mwalimu mdogo, tumwite bingwa. Akilisikia kwetu sisi, hatakuwa na haja ya kuokota tusi la watu wa mbali alifanye taji.