Anayefungua Tovuti ya Umma Ana Shida Iliyomleta

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: TOVUTI ZA UMMA ZIPIMWE NA WANAOZITUMIA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Ngujini, kata iliyo milimani katika Wilaya ya Mwanga, Upare Kaskazini. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imewakabidhi ninyi kazi ya kusimamia huduma za umma zinazotolewa kwa mtandao pamoja na viwango vyake, ndiyo maana waraka huu nimeuelekeza kwenu. Ombi langu ni moja. Kabla tovuti ya taasisi ya umma haijawekwa hewani, atafutwe mwananchi mwenye shida ya kweli, aifungue kwa simu yake, aitafute huduma anayoihitaji, na wale walioijenga wakae pembeni wakimtazama bila kumwelekeza hata kwa kidole.

Chukua mfano wa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024, na maombi yakahamia kwenye mfumo wa mtandao. Huku kwetu maswali yalikuwa yale yale kila kona. Nani anastahili? Kikundi kinatakiwa kuwa na nini? Mwisho ni lini? Nilikaa na akina mama wa kikundi kimoja tukafungua tovuti ya ofisi moja ya umma, ambayo siitaji kwa jina kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa wengi. Zikaanza picha kubwa za viongozi, zinapishana. Tukashuka, tukakuta salamu za ukaribisho. Tukashuka tena, habari za ziara na makabidhiano. Tangazo tulilolitaka lilikuwa chini kabisa, nalo lilikuwa barua iliyopigwa picha, imekaa upande, ina mhuri juu ya maneno. Kulipakua kukala MB zilizobaki, bando likakata. Mama mmoja akasema tu, "Basi kesho nitashuka Mwanga." Kushuka Mwanga maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima shamba halijaguswa.

Akina mama hao si wageni wa simu. Wanatuma na kupokea pesa kwa simu, wanaweka akiba ya kikundi kwa simu, wanaulizia bei ya ndizi kwa simu. Kilichowashinda ni ukurasa uliopangwa kwa kumfikiria mkubwa wa ofisi atakayeukagua, si mtu atakayeuhitaji.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na naomba nikae nalo kidogo. Ofisi inapojipanga mtandaoni hujipanga kama ilivyo kwenye jengo: idara hii, kitengo kile, sehemu ile. Mwananchi hajui mkopo wa vikundi uko chini ya Maendeleo ya Jamii au chini ya Fedha, na hana sababu ya kujua. Anajua shida yake. Anataka kuona maneno kama "Kuomba mkopo wa kikundi", "Kupata leseni ya biashara", "Kupima kiwanja", na chini ya kila moja aone masharti, gharama, mahali pa kwenda na namba ya kupiga. Tena wengi hawaingii kupitia mlango wa mbele. Wanaandika maneno yao Google, wanatua moja kwa moja kwenye ukurasa wa ndani. Ukurasa huo usipojieleza wenyewe, ni wa ofisi gani, umeandikwa lini, bado una nguvu au umeshapitwa, mtu anaondoka na taarifa ya mwaka juzi akidhani ni ya leo.

Kuhusu uzito wa kurasa, fundi yeyote wa tovuti analijua jambo hili, ila hakuna anayemdai. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu na kupandishwa ilivyo inaweza kuwa na MB nne au tano. Ikipunguzwa vizuri inabaki na sehemu ndogo sana ya uzito huo, na macho hayaoni tofauti kwenye skrini ya simu. Tangazo la kurasa mbili likiandikwa kama maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa halifiki hata uzito wa picha moja ndogo. Likipigwa picha na kufungwa kwenye PDF linakuwa zito, halitafutiki kwa maneno, na kwa asiyeona linakuwa bubu, kwa kuwa programu inayomsomea skrini inahitaji herufi, haiwezi kutegemea picha ya herufi peke yake. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016. Katika mikopo ile, asilimia mbili kati ya zile kumi imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Inaniuma sana kwamba tangazo lake linaweza kuwekwa kwa namna ambayo mlengwa hawezi kulisoma bila kuomba macho ya mwingine.

Muda nao uandikwe kwa namna ya watu wa hapa. Tangazo linaposema mwisho ni "saa 6:00 usiku tarehe 15", nusu ya wasomaji wataelewa usiku wa kuamkia 15 na nusu wataelewa usiku wa kuamkia 16. Andika: mwisho ni Jumatatu tarehe 15, saa 9 alasiri. Mtu asipoteze haki yake kwa saa.

Sisemi haya kana kwamba nchi yetu haijawahi kufanya vizuri. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani ni maandishi na majedwali, mapambo karibu hakuna. Unachagua mtihani, mwaka, shule, unaona. Siku matokeo yanapotoka, mzazi mwenye simu ya bei ndogo kabisa, mtandao ukiwa wa kusuasua juu ya mlima, anamwona mwanawe. Wapo wanaozicheka kurasa zile kwa sura yake ya zamani. Mimi nazihesabu kuwa miongoni mwa kurasa zinazomheshimu mgeni kuliko nyingi nilizoziona nchini. Na ninyi wenyewe mna *152*00#, inayomfikia hata mwenye kitochi asiye na bando. Aliyeibuni alianza na mtu mwenye shida na simu aliyonayo mkononi. Fikra hiyo hiyo ndiyo ninayoiomba kwenye tovuti.

Uingereza mwaka 2012 ilizindua tovuti moja ya serikali, GOV.UK, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Kurasa ambazo hazikuwa na mwananchi anayezihitaji ziliachwa nyuma. Hilo la kuacha ndilo gumu kwetu, maana kila picha kwenye ukurasa wa mbele ina mwenyewe ambaye atauliza imekwenda wapi.

Najua halmashauri zetu zinatumia muundo unaofanana, na hilo naliunga mkono, kwani aliyezoea tovuti ya Mwanga hapotei akifungua ya Same. Lakini muundo unatoa masanduku tu. Kinachojazwa humo kinaamuliwa na afisa habari, na afisa habari anaweka kile anachoulizwa na wakubwa wake: ziara imepanda? Picha ya mgeni rasmi imepanda? Hakuna anayemuuliza kama masharti ya leseni yaliyomo ni ya mwaka huu. Pale chini kuna kihesabio cha watembeleaji, na taasisi hujivunia namba kubwa. Akina mama wale nao walihesabiwa humo. Kihesabio kilijua wamefika. Hakikujua kwamba wameondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kipimo ninachokiomba hakihitaji mtaalamu kutoka nje wala bajeti kubwa. Kinahitaji wananchi wachache, mmoja awe mzee, mmoja awe na ulemavu wa kuona, simu zao wenyewe, bando lao wenyewe, na orodha ya shida tano zinazowapeleka watu ofisini mara nyingi zaidi. Mtendaji wa kata anaijua orodha hiyo kwa sababu ndiyo inayompigia hodi kila asubuhi. Anayejenga aandike pale mtu aliposita, aliporudi nyuma, alipokata tamaa, kisha arekebishe na kurudia. Tovuti isiyopita isipandishwe. Matokeo ya kila taasisi yatangazwe, na ofisi iliyofanya vizuri isifiwe hadharani.

Mkitaka kuanzia milimani, anzieni Ngujini. Vikundi vya akiba hukutana kila wiki, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, watu huwa wamekusanyika tayari. Leteni wajenzi wenu, wapande hadi huku na daftari, wakae na akina mama wale wanapofungua tovuti ya ofisi waliyoihitaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Kata ya Ngujini,
Wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro