Msimamizi wa Mtandao na Amri za Kuandikwa

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, wakati wa jioni katika nchi zetu za Afrika Mashariki, WhatsApp, Instagram na Facebook zilinyamaza kwa pamoja ulimwenguni kote, zikakaa kimya kwa takriban saa 6. Na sababu yake, kama kampuni inayozimiliki ilivyoeleza baadaye, haikuwa hujuma ya adui, bali ni amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida kwa nia ya kupima uwezo wa njia zake kuu, amri ambayo programu iliyowekwa kuzuia makosa ya namna hiyo ilishindwa kuizuia. Zito zaidi ni lile lililofuata: vyombo ambavyo mafundi walivizoea kwa kuutazama mtandao vilitegemea mtandao ule ule uliokufa, hata ikabidi watu waende wenyewe mpaka kwenye majengo yenye mashine, wakae mbele yake, wazirekebishe.

Nalitaja tukio hilo kwa kuwa wapo wasemao kwamba kijana anayeajiriwa kukesha katika chumba cha kusimamia mtandao, uwe wa kampuni ya simu, benki au idara ya serikali, hana haja ya kuhangaika na skrini nyeusi na amri za kuandikwa herufi kwa herufi, madhali anao ubao wa picha umwonyeshao kijani palipo salama na nyekundu penye shida. Rai hiyo, kwa maoni yangu, ina upungufu mkubwa. Ubao ule humwarifu mtumishi kwamba kuna jambo. Aghalabu haumwambii ni jambo gani, na njia ikibanwa waweza kuwa wa kwanza kuzimika, ilhali maandishi matupu hupenya hata penye njia nyembamba, au katika waya mmoja uliochomekwa kwenye ruta.

Wala ilmu hii ya amri za kuandikwa si ya kupita na fasheni. Unix, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa amri hizo, ilianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwaka 1969. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, imefuata mwendo ule ule, na ping aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983 ingali ikitumika kila siku kuuliza kama mashine ya mbali ipo hai. Kwa df mtumishi hujua kama diski imejaa; kwa tail husoma mistari ya mwisho ya kumbukumbu za matukio, na kwa grep huchuja mmoja anaoutaka katika maelfu. Tena ipo man, kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya mashine yenyewe, kisichohitaji intaneti. Na sisi ambao kebo zetu za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja Mei 2024, twaijua thamani ya kitabu cha namna hiyo.

Hata hivyo sikubaliani na wakufunzi wanaoanza na amri za kuunda na kufuta, ati kwa sababu ndizo zenye kuvutia. Zitangulie zile zisizogusa kitu: hostname, whoami na pwd, yaani nipo katika mashine ipi, nimeingia kwa jina la nani, nimesimama katika saraka gani. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, akiwa amechoka na kazi ya usiku, alikusudia kufuta data katika seva ya akiba, kumbe amri ameiandika katika seva kuu. Akashtuka na kuisimamisha baada ya sekunde moja au mbili, lakini katika gigabaiti zipatazo 300 zilisalia 4.5 tu. Mtu yule hakuwa mjinga wa amri, alizijua vizuri sana. Alichokosa usiku ule ni kutazama jina la mashine kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo mwanagenzi apewe kwanza ruhusa ya kusoma peke yake, na ruhusa ya kubadili ije baada ya majaribio. Na majaribio yenyewe yasiwe karatasi ya kuchagua jibu miongoni mwa manne, ambayo mwenye hafidha njema huifaulu bila kugusa kibodi. Akalishwe mbele ya seva iliyoharibiwa kwa makusudi, kipanya kimeondolewa, na mwalimu anyamaze. Waajiri wasiseme gharama ni kubwa, kwani Linux hupatikana bure, na kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo yatosha kabisa kwa kazi hiyo.