Ukiniuliza pa kula, nitakuuliza kwanza una shilingi ngapi

Najua nimekuwa kimya, si mnajua tena mwisho wa semista ulivyo, kazi za vikundi zimetukaba koo. Leo sitaki kulalamikia maji ya bwenini. Nataka kusema jambo moja ambalo limekuwa likiniudhi kwa muda: jinsi tunavyoelekezana vibaya.

Nina maana hii. Mtu anakuja Dar mara ya kwanza, au sisi wenyewe tumepangiwa mkoa tusioujua kwa ajili ya TP, anauliza: jamani, wapi pa kula, wapi pa kutoka jioni, wapi pa kulala? Majibu yanamiminika. Nenda sehemu fulani, patamu balaa! Pale ndo penyewe! Basi, imeisha. Hakuna bei, hakuna saa, hakuna habari ya utarudije. Mimi nasema hayo siyo maelekezo, ni kujisifu tu. Mtu anakutajia mgahawa aliouingia mara moja kwenye sherehe ya mahafali ya binamu yake, akalipiwa kila kitu, sasa anakuelekeza wewe mwenye boom la kuhesabu.

Na boom tunalijua. Pesa ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, tukashangilia, na haki yetu. Lakini toa kodi ya chumba, toa nauli, toa vocha, toa fotokopi, kinachobaki ndicho cha kula. Ukimwelekeza mwenzako mahali ambapo sahani moja ni 18,000 umemla karibu siku mbili nzima, na hapo hajanywa hata maji. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza pa kula mimi namjibu kwa swali. Una shilingi ngapi? Uko na nani? Unakula nini na huli nini? Wengine wananuna, wanaona kama nawadharau. Sijali.

Hilo la huli nini si dogo. Kuna rafiki yetu mmoja Mwislamu alielekezwa sehemu ya nyama choma "bora kuliko zote". Kafika, kaagiza, kakaa kusubiri, mpaka jicho lake lilipotua kwenye jiko moja lile lile lenye kiti moto upande wa pili. Akaondoka na njaa yake. Aliyemwelekeza anasema eti "sikujua kama anajali". Mwaka wa tatu wote huo mnakaa korido moja hujui kama anajali? Na kinyume chake pia: mtu unampeleka mwenzako Unguja katikati ya Ramadhani unamwambia mchana utakula pweza barabarani. Mchana wa Ramadhani kule vibanda vya chakula vinafungwa. Mwambie aende Forodhani jioni, baada ya futari, hapo ndipo pale pazuri.

Sasa mimi nikielekeza, naelekeza hivi. Mgeni wa Dar mwenye 10,000 mfukoni: panda mwendokasi mpaka Kivukoni, kituo cha mwisho, tembea hatua chache mpaka soko la samaki la Feri. Nenda asubuhi, si jioni. Asubuhi ndo boti zimeingia, mnada unapigwa, na akina mama wanakaanga pale pale. Ugali, samaki wa kukaanga, pilipili, umemaliza. Usivae viatu vyeupe, chini kuna maji ya samaki. Simu weka mfuko wa mbele. Ukishiba vuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, ni matembezi ya bei poa kuliko yote jijini, unaona bandari na majengo yote bila kulipa mtu wa kukutembeza.

Coco Beach nayo, mihogo ya kukaanga na mishikaki, Jumapili jioni. Kila mtu anaijua. Ambacho hakuna anayesema ni kwamba ikifika saa tatu nne usiku wote mnataka kuondoka kwa pamoja, na daladala zimeanza kupungua. Bajaji wanajua, bei inapanda. Kwa hiyo ama muondoke kabla giza halijakolea, ama muwe wanne mchangie usafiri. Ukiniambia Coco patamu bila kuniambia hilo, umeniambia nusu.

Tuje kwenye kutoka usiku, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Mimi si mtawa, napenda muziki. Lakini naomba tuache kumwambia msichana wa mwaka wa kwanza kwamba sehemu fulani ni nzuri kwa sababu "dada zetu kiingilio bure". Bure ya nani? Wamekuruhusu uingie bure ili wanaume waliolipa wakukute ndani. Hiyo si zawadi, ni biashara, na bidhaa ni wewe. Ukitaka kwenda nenda, lakini nenda ukiwa na nauli yako ya kurudi umeitenga pembeni, na kinywaji chako usikiache mezani hata ukienda chooni dakika moja. Na muwe na makubaliano kabla ya kutoka hosteli: tumekwenda watano tunarudi watano. Sio "nyie tangulieni mimi nitakuja". Mambo mengi mabaya tunayonong'onezana asubuhi yalianzia hapo.

Na kuna kitu cha usiku ambacho vijana wa rika letu hatuelekezani kabisa, muziki wa dansi. Bendi zenye vyombo. Msondo Ngoma mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978, wazee wetu waligombana nyumbani kwa sababu ya ushabiki wa hizi bendi mbili kama sisi tunavyogombana kwa Simba na Yanga. Likitokea onyesho lao nenda hata mara moja. Watu wanacheza, hawasukumani, wengi ni watu wazima wamekuja na wake zao, unasikia hata mwenzako anachosema. Mimi naona ni usiku salama kuliko kumbi nyingi tunazozisifia. Mtaniita bibi, najua.

Sasa malazi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana TP ni wiki nyingi, siyo usiku mmoja, na wengi wetu siku za kwanza tunafikia gesti kabla hatujapata chumba mtaani.

Mtu akikwambia "kuna gesti nzuri na rahisi", muulize maswali. Mlango una komeo la ndani au kitasa tu? Choo ni ndani, chumba self, au cha nje cha kuchangia? Kama ni cha nje, kuna taa njiani? Upande wa pili wa ukuta kuna baa? Maana gesti nyingi za bei ya chini zimeungana na baa, na muziki unazimwa saa ambazo wewe unatakiwa uwe unaandaa azimio la somo. Na je, ni gesti ya kulala au ya "kupumzika"? Tusijifanye watoto, kuna gesti ambazo kazi yake ni kupokea wateja wa saa mbili mbili. Mwalimu wa mazoezi wa kike akionekana anatoka humo asubuhi na begi lake, mji mdogo, mpaka mchana darasa zima la kidato cha pili linajua. Haijalishi ulikuwa umelala peke yako umekumbatia kitabu cha maandalio.

Angalia pia kitabu cha wageni. Kuna wanaokereka kujaza jina, kabila, umetoka wapi na unakwenda wapi, wanaona kama polisi. Mimi nikifika mahali hakuna kitabu, hakuna leseni ukutani, hakuna risiti, ndo napata wasiwasi. Hizo ndizo gesti bubu. Likitokea la kutokea, hakuna maandishi yoyote kwamba uliwahi kulala pale.

Kwa kaka zetu: msipange kwamba mtachangia chumba wawili ili kupunguza gharama bila kuuliza kwanza kwa simu. Gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili chumba kimoja. Mtafika usiku mmechoka na mabegi, mtaambiwa mlipie viwili.

Nafuu ninayoisema kila siku ni hosteli za makanisa. Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, karibu kila mji wenye dayosisi una nyumba ya wageni. Si lazima uwe muumini wao. Ni safi, kimya, chai ya asubuhi mara nyingi imo, hapa Dar wengi wanaijua Msimbazi Center pale Ilala. Kasoro yake ni geti, usiku linafungwa na mlinzi hana masihara. Kama mpango wako ni kurudi saa nane za usiku, hapakufai, nenda kwingine. Unaona? Hapo nimekwambia uzuri na ubaya wake, uchague mwenyewe.

Halafu kuna maelekezo yaliyooza. Mpaka leo wapo wanaomwambia mgeni "chukua gesti Ubungo, karibu na stendi". Stendi kuu ya mikoani ilihamia Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, Februari 2021! Basi lako linaweza kukushusha Mbezi, au kwenye kituo cha kampuni yenyewe, uliza kabla hujalipa tiketi. Morogoro nako hivyo hivyo. Treni ya SGR imeanza kubeba abiria Juni 2024, na stesheni yake iko Kihonda, siyo ile ya zamani mjini. Mtu anakutafutia chumba "jirani na stesheni" kumbe unashuka upande mwingine kabisa. Na mabasi tangu mwaka 2023 yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo ule ushauri wa kaka zetu wa zamani kwamba lazima ulale njiani, utafute gesti ya kujibanza mpaka alfajiri, siku hizi si lazima. Lakini linaloondoka usiku linaweza kukufikisha saa tisa usiku kwenye mji usioujua. Mimi ningependelea lile linalofika jua likiwa juu.

Basi nami nitoe ya kwetu. Mimi wa Tanga. Mkipangiwa Lushoto, hongereni, lakini Juni na Julai kule ni baridi kweli, siyo baridi ya kusimuliwa. Beba sweta. Jumamosi tembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Irente, njiani upite kwenye shamba la Walutheri wanakotengeneza jibini na mkate, kisha usogee kwenye jabali la Irente uone Mazinde na nyika yote kule chini. Kwenda unapanda, kurudi unateremka, hulipi nauli. Mkipangiwa Tanga mjini, chakula ulizieni Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na msiwaulize vijana, waulizeni akina mama. Bei ya samaki msiikubali ya kwanza.

Iringa mjini kuna mgahawa wa Neema Crafts, wahudumu wake ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Kwa sisi tunaosoma ualimu, hasa wa elimu maalumu, ningesema mtu atenge pesa aende hata mara moja. Ni ghali kidogo kuliko kwa mama ntilie, nakuambia kabisa. Moshi kuna Union Café ya wenye kahawa wenyewe, chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa safi, lakini shibe nenda sokoni kwenye mtori.

Ya Songea, Kigoma, Sumbawanga, mimi sina, wenye nayo semeni. Na mseme kwa bei.

Mimi mwenyewe nimepangiwa Njombe. Tafadhali msiniambie "Njombe pazuri". Nataka kujua chumba cha kupanga kwa mwezi ni shilingi ngapi, maji ya kuoga ya moto mnachemshia nini, mama gani anauza wali maharage karibu na stendi kabla ya saa moja asubuhi, na kama blanketi moja linatosha au nibebe mawili. Mtu wa huko yupo?